Mwaka wa Shule ya Uuguzi Usomwe Wodini

Kila mwaka wa masomo unapofika ukingoni, shule za uuguzi za vyuo vikuu vyetu huandaa taarifa ya mwaka. Wenye mazoea ya kuzisoma taarifa hizo huzijua kurasa zake kabla ya kuzifungua: idadi ya waliodahiliwa na ya waliohitimu, wahadhiri waliorejea na shahada za uzamivu, programu mpya ya uzamili, makubaliano yaliyotiwa saini na chuo cha ng'ambo, maabara ya stadi iliyozinduliwa kwa utepe na hotuba. Picha ya mahafali hukaa mbele, majoho yamepangwa kwa mistari na kila mmoja akitazama kamera.

Sina ugomvi na kurasa hizo. Shahada ya kwanza ya uuguzi ilianza kufundishwa Muhimbili mwishoni mwa miaka ya 1980, na walioshuhudia enzi ile wanajua jinsi fani hii ilivyohesabiwa kuwa kazi ya kutumwa na kutii, isiyohitaji chuo kikuu. Leo kijana anayemaliza kidato cha sita ana vyuo vikuu kadhaa vya kuchagua, na akitaka anaweza kupanda ngazi hadi uzamili bila kuvuka mpaka wa nchi. Dunia nayo inawahitaji. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020, mwaka uliotangazwa kuwa wa Muuguzi na Mkunga, ilihesabu wauguzi milioni 27.9 na kukadiria upungufu wa milioni 5.9, na asilimia 89 ya upungufu huo ilikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati cha chini, tukiwemo sisi. Shule inayoongeza wahitimu inafanya kazi ya maana.

Hata hivyo kuna ukurasa mmoja ninaoutafuta kila mara katika taarifa hizo bila kuuona. Ni ukurasa wa wodi. Taarifa hutueleza wanafunzi wangapi waliingia na wangapi walitoka, lakini haitwambii walipokuwa katikati, miezi ile ya mafunzo kwa vitendo, ni nani aliyesimama kando yao, walifanya nini kwa mikono yao wenyewe, na mgonjwa aliyekuwa kitandani alipata nini kutokana na kuwapo kwao. Hoja yangu ni kwamba mwaka wa shule ya uuguzi ambao hauwezi kusomwa wodini bado haujasomwa, hata kama kurasa zake nyingine zote zimejaa.

Huenda mtu akauliza daktari anatafuta nini katika hesabu za shule ya wenzake. Mimi ni daktari wa watoto, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni watoto wachanga. Kazi hiyo huishia mikononi mwa wauguzi. Asubuhi nitapita wodini, nitampima mtoto, nitaandika maagizo katika faili, kisha nitakwenda kwa anayefuata. Zinabaki saa ishirini na kitu kabla sijarudi pale, na katika saa hizo maagizo yale yatakuwa tiba au yatabaki wino, kwa kadiri muuguzi atakavyoyashika.

Mchukue mtoto njiti mwenye uzito wa gramu 1,200. Dawa yake naweza kuiandika kwa mstari mmoja. Lakini usiku wake una kazi nyingi kuliko mistari ya faili zima. Lazima joto lake libaki kati ya nyuzi 36.5 na 37.5, na mtoto wa uzito huo hupoteza joto wakati wa kubadilishwa nepi tu. Lazima alishwe maziwa ya mama kwa mpira mwembamba unaopita puani au mdomoni hadi tumboni, kila baada ya saa mbili au tatu, kwa kiasi kilichopimwa, na kabla ya kila mlo muuguzi ahakikishe kwamba mpira uko tumboni wala haujahamia kwenye njia ya hewa. Lazima pumzi zake zihesabiwe kwa dakika nzima, kwa sababu mtoto wa aina hii hupumua kwa vipindi, akaharakisha, akatulia, akaharakisha tena. Ukihesabu kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa nne utapata nambari isiyo na maana. Na mara nyingine huacha kupumua kabisa. Zikipita sekunde 20 bila pumzi, au ngozi ikianza kubadilika rangi kabla hata ya hapo, anatakiwa mtu aliye karibu, anayejua kumsugua mgongo au wayo, na anayejua ni wakati gani kusugua hakutoshi na sasa ni zamu ya mfuko wa hewa. Daktari wa zamu anaweza kuwa kwenye chumba cha upasuaji. Muuguzi ndiye aliyepo.

Hakuna hata kimoja katika hayo ambacho mwanafunzi hakukisoma darasani. Ataandika insha nzuri juu ya kila kimoja na kufaulu. Tofauti ya mwanafunzi aliyesoma na aliyefundwa huonekana saa tisa usiku, pale watoto wanapokuwa wengi kuliko mikono, na inabidi muuguzi aamue aanzie wapi.

Takwimu za nchi yetu zinalisema jambo hili kwa njia yake. Utafiti wa kitaifa wa afya na demografia wa mwaka 2015 hadi 2016 ulikadiria vifo vya uzazi kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Utafiti wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 67 hadi 43 kwa kila vizazi hai 1,000. Hayo ni mafanikio ambayo nchi nyingi zingetamani kuyaandika kwao. Sasa tazama mstari mmoja katika jedwali hilohilo: vifo vya watoto ndani ya siku 28 za kwanza vilikuwa 25 kwa kila vizazi hai 1,000, na katika utafiti wa 2022 vikawa 24. Mstari huo karibu haujasogea.

Sababu ziko nyingi, na atakayekwambia iko moja tu anakuuzia kitu. Chanjo, vyandarua na dawa za malaria zimewaokoa sana watoto waliovuka mwezi wa kwanza. Upasuaji, damu salama na kujifungulia vituoni vimewaokoa akina mama. Mtoto mchanga anakufa kwa sababu ya kuzaliwa kabla ya wakati, kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na kwa maambukizi. Na karibu kila kinachoweza kumwokoa katika hayo ni jambo la kufanywa na mtu aliye kando yake, kwa saa na dakika, tena na tena. Si sindano ya mara moja. Ni uuguzi na ukunga. Mstari uliokwama katika jedwali letu ndio mstari unaotegemea zaidi kile kinachofundishwa, au kisichofundishwa, kando ya kitanda.

Mfano ulio wazi kuliko yote ninayoijua hauko ughaibuni. Uko Haydom, mkoani Manyara, katika hospitali ya rufaa ya Kilutheri. Mwaka 2010 watumishi wa chumba cha kujifungulia walipewa mafunzo ya siku moja ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua, mafunzo yanayojulikana kwa ile Dakika ya Dhahabu: ndani ya dakika moja tangu mtoto azaliwe, awe analia au awe anasaidiwa kwa mfuko na barakoa. Yalikuwa mafunzo mazuri, yaliyoandaliwa kwa makini. Miezi kadhaa baadaye watumishi walipimwa. Kwa mwanasesere walikuwa wameimarika, na mtahini yeyote angewapa alama za juu. Kwa watoto halisi, mle chumbani, namna ya kuwahudumia haikuwa bora kuliko awali, na vifo vya saa 24 za kwanza havikupungua. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013, na nawapa heshima watafiti waliokubali kuandika kwamba mafunzo yao wenyewe hayakufika walikotaka yafike.

Hawakuishia hapo. Badala ya kurudia siku moja ndefu darasani, mwanasesere alihamishiwa hukohuko kwenye chumba cha kujifungulia, na mazoezi yakawa mafupi, ya dakika chache, kila wiki, kila mtumishi kwa zamu yake, huku wenyeji wenyewe wakiyasimamia. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa, kama ilivyochapishwa mwaka 2015. Kutoka mbegu hiyo ukakua mpango wa Safer Births, uliopelekwa katika vituo 30 vya mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Mwaka 2025 matokeo yake yalichapishwa katika jarida la New England Journal of Medicine: vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na katika saa 24 za kwanza vilipungua kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila vizazi 1,000. Wakunga walewale, majengo yaleyale. Kilichoongezeka ni vifaa vichache vya kufundishia na kusikilizia mapigo ya moyo ya mtoto tumboni, takwimu zilizorejeshwa kwa waliozizalisha, na mazoezi ya kila wiki mahali pa kazi.

Sasa iweke habari ya Haydom kando ya taarifa ya mwaka ya shule ya uuguzi. Shule inapoandika kwamba asilimia kubwa ya wanafunzi wake wamefaulu mtihani wa vituo, ule ambao mwanafunzi huzunguka kutoka meza hadi meza na kwa kila meza huonyesha stadi moja mbele ya mtahini, inatueleza alama za mwanasesere. Haydom ilikuwa na alama hizo mwaka 2010. Mwanasesere hana mama anayelia jina la mumewe, hatoki damu kitandani wakati unamshughulikia mtoto, na taa haizimiki akiwa mkononi mwako. Nasema hivi nikiwa mtetezi wa maabara za stadi. Mwanafunzi hana haki ya kujifunza kuweka mpira wa tumboni kwa mara ya kwanza kwa mtoto wa gramu 1,200, na kila shule ingekuwa na maabara hizo ningefurahi. Ila maabara ni kizingiti cha mlango. Bado hujaingia ndani.

Ni nani basi anayemfundisha mwanafunzi wa uuguzi akishaingia? Hapo ndipo penye uchungu wa suala lenyewe, na kwa kulieleza sina budi kugusa historia kidogo.

Mwaka 1976 Kitivo cha Tiba na Hospitali ya Muhimbili viliunganishwa kuwa Kituo cha Tiba Muhimbili, chini ya uongozi mmoja. Mwaka 1991 kitivo kikapandishwa hadhi kuwa chuo kikuu kishiriki, na mwaka 2007 kikawa chuo kikuu kamili. Katikati ya safari hiyo, kwa sheria ya mwaka 2000, hospitali ilijitegemea kama Hospitali ya Taifa, ikiwa na bodi yake. Kulikuwa na sababu nzuri za kuvitenganisha, na sitaki kuzibishia hapa. Lakini tangu hapo nyumba moja ina waajiri wawili: chuo kiko chini ya wizara inayosimamia elimu, hospitali iko chini ya wizara inayosimamia afya. Utaratibu wa namna hiyo hauko Muhimbili peke yake. Kila shule ya chuo kikuu inayopeleka wanafunzi katika hospitali isiyo yake, ya mkoa au ya wilaya, inaishi humo.

Madaktari tuliuzunguka utaratibu huo kwa desturi. Mhadhiri wa udaktari ana wagonjwa. Jina lake liko kwenye orodha ya wodi, anapita asubuhi na wanafunzi nyuma yake, na akikosea mbele ya mgonjwa wanafunzi wanaona akikosea na akisahihishwa. Hatujiulizi kama hiyo ni kazi ya chuo au ya hospitali, kwani kwetu imekuwa kitu kimoja. Mhadhiri wa uuguzi mara nyingi hana desturi hiyo. Ana ofisi, ana vipindi, ana tafiti za kuandika ili apande cheo, na huenda wodini kama mgeni anayekagua. Hana zamu wala kitanda, na hakuna mgonjwa wa kumwambia, "Huyu ndiye sista wangu." Muuguzi wa wodi kwa upande wake ana wagonjwa na ana zamu, lakini hana hadhi ya mwalimu. Anaongezewa wanafunzi kama mtu anavyoongezewa mzigo kichwani, bila muda wa ziada, bila posho, bila neno moja katika tathmini yake ya mwaka kwamba alifundisha.

Matokeo yake kila aliyefanya kazi katika hospitali ya kufundishia ameyaona. Kundi la wanafunzi limesimama kuzunguka kitanda kimoja. Wawili walio mbele wanaona, waliobaki wanaona migongo. Wengine wanatumwa maabara na vichupa vya damu, au duka la dawa, kwa sababu wodi ina upungufu wa watumishi na miguu ya mwanafunzi haina gharama. Mwisho wa wiki daftari la mazoezi linaletwa lisainiwe, na sahihi ishirini zinawekwa kwa pamoja na mtu ambaye huenda aliona stadi mbili. Simlaumu anayesaini. Akikataa, mwanafunzi atarudia mwaka kwa kosa ambalo si lake. Lakini daftari hilo ndilo shule inaloliita ushahidi, na ndilo Baraza la Uuguzi na Ukunga huliamini linapompa mhitimu leseni.

Florence Nightingale, ambaye tunamtaja kila tarehe 12 Mei kwa mishumaa na viapo, alipofungua shule yake mwaka 1860 aliiweka ndani ya Hospitali ya St Thomas', London. Waliowafundisha wasichana wale kwa siku nyingi walikuwa masista wa wodi, na mfuko wa shule uliwalipa kwa kazi hiyo. Mengi ya shule ile yamepitwa na wakati, na utiifu wake wa kijeshi hatuuhitaji. Ila alijua jambo ambalo taarifa zetu zimelisahau, kwamba mwalimu wa wodi ni mwalimu, na mwalimu hulipwa.

Kuna wanaosema, na baadhi yao ni madaktari wenzangu, kwamba tatizo ni shahada yenyewe. Muuguzi akishasoma chuo kikuu, wanasema, hataki tena kushika beseni, anataka ofisi. Nimeyasikia hayo mara nyingi kwenye vyumba vya chai. Ushahidi hauko upande wao. Utafiti mkubwa wa nchi 9 za Ulaya uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la Lancet, uliohusu wagonjwa zaidi ya 420,000 waliofanyiwa upasuaji katika hospitali 300, ulionyesha mambo mawili: kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwa muuguzi aliambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa kufa ndani ya siku 30, na kila nyongeza ya asilimia 10 ya wauguzi wenye shahada iliambatana na upungufu wa asilimia 7 wa uwezekano huo. Ulaya si Tanzania, na kuambatana si lazima kuwe kusababisha. Hata hivyo mwenye kudai kwamba shahada inamharibu muuguzi anatakiwa alete takwimu zake, na vyumba vya chai havina takwimu.

Tena tujiulize: kwa nini muuguzi mwenye shahada anakimbilia ofisini? Kwa sababu ndiko ngazi inakoelekea. Daktari akipanda cheo anakuwa bingwa, na ubingwa wake humrudisha kwa mgonjwa aliye mgumu zaidi. Muuguzi akipanda cheo anakuwa msimamizi, na usimamizi humwondoa kwa mgonjwa. Mtu aliyebobea kwa miaka 15 katika kuwatunza watoto njiti huzawadiwa kwa kupewa ratiba za zamu na hesabu za mashuka. Mfumo ndio unaomtoa kando ya kitanda, kisha tunamlaumu kwa kuondoka.

Kwa hiyo ukurasa wa wodi ninaoutaka katika taarifa ya mwaka haungekuwa wa mapambo. Ningependa uanze na idadi ya wahadhiri wa uuguzi walio na zamu halisi hospitalini, zilizoandikwa kwenye orodha ya wodi, hata kama ni siku moja kwa wiki. Hili linawezekana kwa makubaliano ya chuo na hospitali, na halihitaji jengo. Ufuate idadi ya wauguzi walezi, yaani wauguzi wa wodi waliokabidhiwa wanafunzi kwa jina na kwa barua, na ueleze wamepunguziwa wagonjwa wangapi kwa zamu ili wapate kufundisha, na wamelipwa nini. Kama jibu ni sifuri, iandikwe sifuri. Nambari hiyo ikichapishwa mwaka wa kwanza, mwaka wa pili haitakuwa sifuri, kwani hakuna mkuu wa shule anayependa kuirudia mbele ya baraza la chuo.

Kisha nataka kujua mwanafunzi wa mwaka wa nne amefanya nini. Sitaki kuambiwa ameona nini. Amesaidia kuzalisha wangapi akisimamiwa na mkunga aliyekuwa chumbani muda wote, amejaza patografu ngapi wakati uchungu ukiendelea, wala si baada ya mtoto kuzaliwa, amewasaidia wangapi kupumua, amekaa usiku mangapi. Zamu za usiku hazipendwi na shule kwa sababu ya usafiri na usalama, na hoja hizo zina uzito; lakini mgonjwa huzidiwa usiku, na muuguzi mtarajali anayeukuta usiku kwa mara ya kwanza akiwa peke yake hakutendewa haki, wala mgonjwa wake. Shule ikiwa na basi la kuwapeleka wanafunzi kwenye ziara, basi hilo linaweza pia kuwapeleka wodini saa moja jioni.

Na mwishoni mwa ukurasa huo nataka mazoezi ya kila wiki ya aina ya Haydom, wanafunzi na watumishi pamoja, mwanasesere akiwa wodini. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na majengo yanayoinuka sasa katika vyuo vyetu kwa mradi wa HEET, uliopata mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia mwaka 2021. Majengo tunayahitaji. Naomba tu kwamba anayepanga bajeti ya samani za jengo jipya akumbuke pia dakika kumi za muuguzi mlezi.

Sitazungumzia kwa urefu suala la ajira, ingawa linaniuma. Tunahitimisha wauguzi ambao wengine hukaa nyumbani wakisubiri tangazo la nafasi, huku wodi zikiwa na pengo la watu haohao. Shule haina mamlaka ya kuajiri. Ina uwezo wa kufuatilia wahitimu wake na kuchapisha wako wapi mwaka mmoja baadaye, na orodha hiyo ingekuwa na nguvu mezani kwa wanaoajiri kuliko barua nyingi za maombi.

Nimewaacha wagonjwa hadi mwisho, ingawa jarida hili ni lao pia. Ndugu msomaji uliye kitandani, au uliyekaa kando ya kitanda cha mwanao, mwanafunzi aliyevaa sare ya shule ana haki ya kujifunza kwako pale tu unaporidhia. Anatakiwa ajitambulishe kwa jina, aseme kwamba yeye ni mwanafunzi, na aeleze anataka kufanya nini. Unaweza kukataa, na tiba yako isipungue. Unaweza kuuliza msimamizi wake yuko wapi. Swali hilo halina utovu wa adabu, na mwanafunzi mzuri atafurahi kuulizwa, kwa sababu mara nyingi naye anamtafuta msimamizi huyohuyo. Lakini usikatae kwa kudhani kwamba mwanafunzi ni hatari kila mara. Wodi yenye wanafunzi wanaosimamiwa vema ina macho mengi zaidi juu yako.

Utawatambua kwa mambo madogo. Ananawa kabla ya kukugusa. Anasoma jina lililo kwenye faili na kulilinganisha na lako kabla ya kukupa dawa. Akipima presha na kuona si ya kawaida, anarudia kupima, kisha anakwenda kumwita mtu badala ya kuandika tu na kupita. Na ukimwona ameinamia kitanda cha mwanao, saa mkononi, midomo ikichezacheza bila sauti, anahesabu pumzi. Zikifika 60 au zaidi kwa dakika, daktari anahitaji kuitwa. Mwache amalize dakika yake, ndipo umwulize amepata ngapi.